Sifa za Breki Zinazolia

Gari jipya halina adabu. Unaingia, unabonyeza kitufe, linaondoka bila kukujulia hali, na jioni linakurudisha nyumbani huna hata la kusimulia. Corolla langu la mwaka 1998 limelelewa vizuri zaidi. Asubuhi beringi ya mbele inaguna, belti inapiga yowe, na nikikanyaga breki pale getini gurudumu la kushoto linalia hadi mlinzi wa nyumba ya tatu anaamka na kujifanya hakuwa amelala.

Wenye magari mapya huuita mlio huo kero. Hawajui wanachokidharau. Pedi nyingi za breki zimewekewa kwa makusudi kijibati kidogo pembeni. Pedi ikikaribia kuisha, kijibati kinagusa diski na kupiga kelele. Yaani kifaa kinatangaza chenyewe kwamba kinakwisha, mapema, bila kuundiwa tume. Tunao wakubwa maofisini waliokwisha miaka mingi iliyopita na hatujawasikia wakilia hata siku moja.

Ukisikia kilio, unakwenda kwa fundi. Wangu yuko Ilala, chini ya mwarobaini, kwenye gereji isiyo na kibao wala ukuta. Anapiga jeki, anasukumia jiwe nyuma ya tairi kwa sababu habari za hendibreki yangu anazo, anavua gurudumu, kisha anafungua kalipa na kuining'iniza kwa kipande cha waya ili mpira wa breki usibebe uzito. Anachomoa pedi, anaipuliza vumbi, anailaza kiganjani.

"Bosi, njoo uone mwenyewe."

Naona. Pamebaki chuma kitupu.

"Lakini si hizi ulizonifungia juzi juzi?"

"Ah, bosi, zile zilikuwa za Mchina. Nilikwambia."

Na pedi haziji peke yake. Pini za kalipa zimekauka, pistoni imeng'ang'ania, diski ina mifereji, inabidi ikachongwe. Akiwa huko huko chini anatikisa gurudumu: boli joint inagonga. Anaingiza mtarimbo: bushi zimekufa. Neno hilo fundi hulitamka taratibu, akitazama chini, kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

Sasa ifuate pesa yangu inakokwenda, ndipo utajua ukarimu wa gari bovu. Kariakoo inapokewa na winga, ambaye duka si lake, na ananiapia kwamba pedi hizi ni jenyuini. Inaingia kwa mwenye duka, inamega fungu la winga, inakatwa cha juu cha fundi, ambacho mimi na yeye tunakijua na kwa heshima hatukitaji. Inapita kwa mchonga diski, inampa dogo wa gereji nauli, na mchana inatulia kwa mama ntilie, kwenye sahani za wali maharage wanazokula wote waliotajwa hapo juu isipokuwa mimi. Bajeti za serikali husomwa kila Juni. Sijaona inayofika mtaani kwa kasi hii. Isitoshe, gari likiingia bandarini lina umri mkubwa hutozwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo hata Hazina inajua kwamba kwenye ubovu kuna riziki.

Halafu kuna elimu. Mwenye gari jipya hajui kwamba oili ya breki hunywa maji. Hufyonza unyevu wa hewani polepole, nasi watu wa Dar es Salaam unyevu tunao wa kugawa. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka ikifika nyuzi joto 205 hivi. Ikishashiba maji, hata 140 inatosha. Ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabinyika, na mguu unakwenda mpaka chini bila kukutana na mtu. Somo hilo hufundishwa bure kwenye mlima Kitonga, Iringa, ila nakushauri ulisome hapa hapa kwenye karatasi, ubadilishe oili, ndipo ushuke kwa gia ndogo.

Oili mpya ikishamiminwa, kunatolewa upepo. Mwenye gari anakaa kwenye usukani, fundi analala chini na spana yake kwenye nipo.

"Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!"

Nashikilia. Upepo unatoka, pedeli inazama.

"Usiachie! ... Haya, achia."

Sijui mahali pengine mjini ambapo mtu mwenye shahada mbili na kitambulisho cha ofisi shingoni anaamrishwa na kijana aliyelala kwenye boksi la katoni, naye anatii neno kwa neno.

Wapo wanaonicheka kwa sababu ya kilomita. Kutoka duniani hadi mwezini ni wastani wa kilomita 384,400. Gari langu lilishafika, sasa linarudi. Na bado ni changa. Irv Gordon, mwalimu wa Marekani, alinunua Volvo mpya mwaka 1966, na mwaka 2013 akaifikisha maili milioni 3, ambazo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8. Alipoulizwa siri, alisema alifuata kitabu cha gari. Hapo njia yetu na yake zinaachana, maana kitabu cha gari langu kimeandikwa Kijapani.

Sifa ya mwisho ni mwendo. Watu wamewekewa matuta, kamera na vibao vya 50, na bado wanakimbia. Mimi siku hizi naanza kusimama nikiwa bado sijaiona taa, na askari wa barabarani wananiona dereva mstaarabu kuliko wote.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukishuka Kimara kuelekea Ubungo, ukaona kwenye kioo chako Corolla la rangi ya fedha lenye stika ya Nenda kwa Usalama, nakuomba usifunge breki ghafla. Zako ni nzima. Zangu bado ziko kwenye mazungumzo na fundi, na jana ameniambia niende na pesa ya masta silinda.