Sifa za Mheshimiwa Tangi la Choo

Wametungiwa sifa wafalme, majemadari na maharusi. Waliokosa mtunzi ni wengi, lakini hakuna aliyedhulumiwa kama tangi la choo la trela la kambi. Huko Marekani na Kanada, ambako familia hukokota nyumba nzima nyuma ya gari kwenda kupumzika maziwani na misituni, mheshimiwa huyu hufungwa chini ya sakafu, akala vumbi la barabara kuu, na mwenye trela akimtaja hushusha sauti. Leo nampandisha jukwaani.

Tuanze na ukoo. Ndugu zake ni wawili. Kipenzi cha nyumba ni tangi la maji safi, mwenye mtumishi wake kabisa: pampu ya volti 12, ambayo bomba likifunguliwa tu na shinikizo kushuka, huamka yenyewe na kumsukuma hadi sinki na bafu. Wa pili ni tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, mtu wa povu na makombo. Lakini tazameni malango. Bomba la kutolea la huyo wa povu kwa kawaida ni la inchi 1.5, la Mheshimiwa ni la inchi 3. Cheo hakifichiki.

Hana ubaguzi. Cha mzee, cha mtoto, cha mgeni aliyekula maharage jana, vyote hupokea kwa uso mmoja. Anachodai ni maji ya kutosha. Wapo wajanja ambao wakishaegesha na kuunga mpira wa maji taka, huacha koki yake wazi usiku na mchana, wakidhani wamemaliza kazi. Yeye hawagombezi. Huyaachia maji yaende zake, akabaki na yaliyo mazito, akayajenga kilima taratibu chini ya tundu la choo mpaka wajanja wakione wenyewe. Ndivyo anavyofundisha subira: koki ifungwe, akaribie kujaa, ndipo ifunguliwe kwa mkupuo, mzigo uondoke pamoja na maji yake.

Tena ni mtunza siri. Ubavuni amewekewa vipimo vya kuonyesha amejaa kiasi gani, lakini karatasi ikinasa hapo, taa za ukutani zitasema amejaa theluthi mbili hata kama amemwagwa sasa hivi. Wenye pupa humwita mwongo. Mimi naona ni adabu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na anayetaka ya ndani akanyage pedali ya choo, amulike tochi, achungulie mwenyewe.

Pumzi yake huitoa juu ya paa, kwa bomba lake maalumu, asimkere mtu. Ila ukiwasha feni ya dari ya bafuni kisha ukakanyaga ile pedali, feni huvuta hewa kutoka kwake. Aliyealikwa hana kosa.

Itifaki anaijua. Kwenye kituo cha kumwagia, yeye hutangulia. Ndugu yake wa povu hufuata nyuma akiusuuza mpira. Anayepindua utaratibu huu hurudi nyumbani na mpira wa kuogopwa.

Mwenye trela anapoanza kurekebisha mabomba, humkimbilia kwanza kipenzi: pampu mpya, chujio jipya. Akipata akili humrudia Mheshimiwa. Humwekea koki ya pili mdomoni, ili ya kwanza ikivuja, kufungua kifuniko kusiwe msiba. Humfungia elbo ya plastiki inayoonyesha ndani, aone maji yanapoanza kutoka meupe. Humtilia na pua ya kumwoshea tumboni, kwa mpira wake peke yake, usiogusa kamwe maji ya kunywa.

Kisha baridi huja kuamua kesi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hapo kipenzi hulia: pampu hupasuka, mabomba hupasuka. Kumwokoa ni lazima apitishiwe dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda, na iungwe njia ya mchepuko ili dawa isipotelee kwenye hita za maji, ambazo nyingi humeza galoni 6, yaani lita kama 23. Mheshimiwa je? Akishamwagwa na kuoshwa, hutosheka na vikombe vichache vya dawa hiyo hiyo.

Basi nani wa kufanana naye? Mjini mtu huvuta maji na kusahau. Mheshimiwa huweka hesabu: akiwa wa galoni 30 na akajaa, ni zaidi ya kilo 110 za yale yale mliyomkabidhi, na gari huzihisi kila mlima. Waheshimiwa wanaopokea kutoka kwa kila mtu, kimyakimya, ni wengi. Nitajieni mwingine mmoja tu ambaye akivutwa koki hadharani hurudisha chote.

Ila vaeni glavu.