Mwongozo wa Kutojua Gitaa Ukiwa Garissa

Anayejifunza gitaa Nakuru ana taabu: akishindwa, watu husema ni mvivu. Wewe wa Garissa umebarikiwa. Una jua, vumbi, mbuzi na jenereta ya jirani, na hakuna hata kimoja kinachokataa kubebeshwa lawama. Fuata hatua hizi kwa uaminifu, na mwakani wakati kama huu utakuwa bado unahangaika na kodi (chord) ya C.

Hatua ya 1: Nunua mbali, safirisha vibaya

Soko Mugdi utapata viatu, dirac (magauni mepesi) za harusi, maziwa ya ngamia na chaja ya simu yoyote. Gitaa lifuate Nairobi. Chagua la bei ya chini kabisa, ambalo nyuzi zimeinuka juu ya shingo hadi penseli inapita chini yake. Gitaa hilo lingemtoa jasho hata mpigaji aliyebobea, sembuse wewe.

Kisha litie kwenye buti ya basi la mchana, liokwe kilomita 370 hivi kupitia Thika na Mwingi. Joto hulegeza gundi, na kile kibao kinachoshikilia nyuzi huanza kubanduka. Ukishuka unacho kisingizio cha kwanza, tena cha kweli.

Kwenye kizuizi cha daraja la Tana abiria huteremka na vitambulisho mkononi. Askari akiuliza kilichomo begini, usijibu kwa majivuno. Atakwambia upige kidogo, na foleni nzima haina pa kwenda.

Hatua ya 2: Tuni saa saba mchana

Nyuzi ni sita: E, A, D, G, B, E, kuanzia ule mnene. Zikaze ukiwa chini ya mabati, joto likiwa limepita digrii 35. Chuma kikipata moto hurefuka, na sauti ikashuka. Usiku hewa ikipoa, sauti hupanda tena. Kwa hiyo kila ukishika gitaa utakuwa unakaza na kulegeza, na muda wa mazoezi utakwisha kabla hujakosea hata noti moja. Programu ya kutunia iliyo kwenye simu itakusaidia zaidi: itasikiliza jenereta ya dukani na kukuarifu kwamba iko chini kidogo.

Hatua ya 3: Ruka C, kimbilia F

Kodi ya C inataka vidole vitatu: shahada kwenye uzi wa pili, cha kati kwenye wa nne, cha pete kwenye wa tano. Vyote visimame wima. Kimoja kikilala kidogo tu, kinagusa uzi wa jirani na kuunyamazisha. Ncha zitauma na kubaki na mistari myekundu, na baada ya wiki chache ngozi itaota sugu na maumivu yatakwisha.

Usingoje sugu. Nenda moja kwa moja kwenye F, ambako kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita. Kikiwa na jasho kitateleza, kiganja kitakakamaa, na sauti itatoka kama mtu anayegonga mlango wa bati. Hapo tangaza kwamba vidole vyako ni vifupi kwa kuzaliwa.

Hatua ya 4: Pigia barazani

Usidhani umefika mji usiojua nyuzi. Wazee wa Kisomali wamekua na kaban, udi ule ule wa taarabu, usio na freti. Bingwa wake, Ahmed Ismail Hudeydi, alifariki London mwaka 2020, na waliomsikiliza hawadanganyiki. Abti (mjomba) mmoja mwenye tasbihi atasimama, akusikilize hadi mwisho, kisha aulize kwa upole: "Warya, hiyo itatengenezwa lini?" Mkaribishe chai.

Nyimbo nyingi za Kisomali zimejengwa juu ya noti tano tu. Mwenye haraka ya kujua angezitafuta tano hizo kwenye uzi mmoja na kutulia nazo. Wewe epuka, utajikuta umepiga wimbo.

Adhana ikisikika, weka gitaa chini. Hilo si mzaha. Mzaha ni kulirudia wiki ijayo.

Hatua ya 5: Wakwepe wakongwe

Jean-Bosco Mwenda wa Kongo alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey akipiga "Masanga" mwaka 1952, na mkono wake wa kulia ulitumia kidole gumba na cha shahada tu. Baadaye alikuja Nairobi na kutangaza Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa. Jirani zako watakwambia kwamba gitaa na Aspro vinastahili kwenda pamoja hata leo. Huko magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake wa mtindo wa gitaa wa omutibo walihitaji gitaa moja na mtu wa kukwaruza chupa ya soda kutunza mwendo. Watu hawa wanaharibu kabisa hoja yako ya vifaa.

Hatua ya 6: Jihadhari na siku nzuri

Usiogope kuitwa harusini. Huko kuna buraanbur: kina mama, mashairi, ngoma na makofi, na hakuna aliyeacha pengo la gitaa.

Hatari iko kwingine. Itakuja siku mvua imenyesha, hewa imepoa, stima ipo, jenereta imezimwa, na abti kasafiri Wajir. Siku hiyo hutakuwa na wa kumlaumu. Itakubidi ukae ubadilishe C kwenda G, polepole, mara nyingi, hadi vidole vijue njia vyenyewe.

Ukiona hilo limekushinda, uza gitaa. Yupo mtumishi aliyehamishiwa Garissa juzi ambaye jioni zake ni ndefu. Mwambie ule ufa chini ya kibao ni wa jua tu.