Barua ya Wazi kwa Idara ya Ukaguzi: Pongezi kwa Kuhesabu Risiti

KWA: Mkuu wa Idara ya Ukaguzi wa Ndani,
Taasisi yoyote inayopeleka watu wilayani.

YAH: PONGEZI KWA KUDHIBITI SAFARI ZA KIKAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Idara inapongezwa kwanza kwa daftari la mahudhurio. Kila asubuhi, saa 1:30 ikifika, mstari mwekundu unapigwa, na anayesaini chini yake anajieleza kwa maandishi. Mhudumu wa mapokezi aliyekwamishwa na foleni ya mwendokasi kwa dakika sita ana barua mbili za onyo kwenye jalada lake. Afisa aliyeondoka Jumatatu kwenda "kufuatilia mradi" hana hata moja. Daftari halimfikii huko aliko, na aliko hakujulikani.

Pongezi za pili ni za posho. Tangu Julai 1, 2022, kima cha juu cha posho ya kujikimu kwa mtumishi wa umma anayesafiri ndani ya Tanzania kilipanda kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000 kwa siku, na cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Fedha hizo hazilipwi kwa kisima kilichopimwa wala shamba lililokaguliwa. Zinalipwa kwa kulala. Mwenye bidii akimaliza kazi ya siku tano kwa siku mbili, anarudi ofisini kudaiwa masalia ya masurufu. Mwenzake anayekokota miguu anarudi na bati za nyumba ya Kibaha.

Lakini Idara haijalala. Jalada moja tu linatosha kuonyesha ilivyo makini. Ndani yake mna risiti za guest zenye namba 0451, 0452 na 0453. Ya kwanza ni ya Februari, ya mwisho ya Aprili. Maana yake kwa miezi mitatu guest hiyo haikupata mgeni mwingine duniani. Kuna risiti ya lita 20 za petroli, zilizojazwa mara moja kwenye pikipiki ambayo tangi lake halifiki lita 15. Kuna orodha ya semina: majina 30, sahihi 30, kalamu moja, na mkia wa "y" unaopinda kushoto kwa kila mshiriki, kuanzia bibi wa miaka sabini hadi mwenyekiti wa kitongoji. Chini umegongwa muhuri wa kijiji, umenyooka kama uliogongwa juu ya meza ya ofisini mjini.

Jalada hilo lilirudishwa kwa afisa. Risiti ya chakula ilikosa TIN.

Alirekebisha siku hiyohiyo. Tangu mashine za EFD zianze kutumika mwaka 2010, risiti inaweza kuhakikiwa TRA, na Idara inajivunia jambo hilo kwa haki. Risiti halali inathibitisha kwamba wali kuku uliuzwa. Nani aliula, na jioni alielekea wapi, mashine haina kitufe chake.

Ikaja sayansi. Mwaka 1881 mtaalamu wa falaki Simon Newcomb aligundua kwamba kurasa za mwanzo za vitabu vya logarithimu huchafuliwa zaidi na vidole kuliko za mwisho. Mwaka 1938 mwanafizikia Frank Benford akaonyesha kwamba katika hesabu nyingi za kweli, namba zinazoanza na 1 ni kama 30 katika kila 100, na zinazoanza na 9 hazifiki 5. Wabuni hesabu hawajui hilo, hivyo hunaswa. Programu ikawekwa kwenye kompyuta ya Idara kusubiri hesabu za kubuni. Hazikuja. Kiwango cha posho ni kilekile kila siku. Uongo haumo kwenye shilingi, umo kwenye kulala.

Basi magari yakafungwa GPS. Ramani sasa inaonyesha bila shaka yoyote kwamba gari lililala siku nne katika uwanja wa halmashauri. Gari ni kweli lililala. Afisa alipanda basi la alfajiri siku ya pili.

Dereva anajua. Mhudumu wa guest aliyetandika kitanda kisicholaliwa anajua. Ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, chenye makao Texas, ilipitia kesi 1,921 na kukuta asilimia 43 ziligunduliwa kwa sababu mtu alisema. Ukaguzi wa ndani uligundua asilimia 14. Hata wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 waliotajwa nchini mwaka 2016 walipatikana kwa njia ya kizamani: watu walihesabiwa.

Mbona dereva hasemi? Siku zake nne zimo kwenye dokezo lilelile la posho ya afisa. Watafiti wa Norway waliochunguza posho za safari Ethiopia, Malawi na Tanzania waliita ripoti yao ya mwaka 2012 kwa jina la uwindaji, na msituni mwenye mbwa hamsemi mwenye bunduki.

Idara yenyewe ilipeleka timu ya uhakiki kijijini. Kazi ilikuwa swali moja: afisa alifika? Jibu lilipatikana saa nne asubuhi ya siku ya kwanza. Timu ilirudi baada ya siku saba, na risiti zake zina namba 0454 hadi 0460.

Kwa barua hii Idara inaombwa kulipa safari kwa kazi iliyokamilika, kumwachia posho yake anayemaliza mapema, na kuwapigia simu wanakijiji watatu kabla ya kupigia hesabu risiti tatu.

Inawasilishwa kwa utekelezaji.

Mlipakodi

Nakala:
Dereva – kwa taarifa.
Mhudumu wa guest – kwa uthibitisho.
Mtendaji wa Kijiji – muhuri wako uko kwenye begi la afisa, tafadhali uufuate.