Gari Bovu Halitibiwi kwa Ramli

Pita Mbagala Rangi Tatu asubuhi, au kata vichochoro vya Mwananyamala kuelekea Tandale, hutakosa kuona boneti iliyo wazi na watu watano wameizunguka. Mmoja anasema plagi. Wa pili, aliyekuja kununua vocha tu, anasema pampu ya mafuta. Wa tatu anaapa kwamba ni koili, kwa sababu gari la shemeji yake lilifanya hivihivi. Aliyepima chochote hayupo. Jioni mwenye gari katoa laki mbili na nusu, ana plagi mpya, ana koili mpya, na gari linarudi nyumbani likisukumwa.

Hiyo ni ramli, na mwongozo huu ni wa kukutoa huko. Unamhusu mwenye Corolla 110, Carina, Premio, Vitz au IST, magari yaliyoteremka bandarini yakiwa yameshatumika Japani na sasa yanatumika mara ya pili kwenye makorongo yetu. Corolla 110 ilianza kutengenezwa 1995 na IST ikafuata 2002, kwa hiyo usishangae kuona gari lako likilalamika. Cha kushangaza ni mtu kukubali kufunga spea ambayo hakuna aliyethibitisha kwamba ile ya zamani imekufa.

Nunua vifaa vichache kabla ya gari kukuaibisha: spana na soketi namba 10, 12 na 14, ambazo hufungua sehemu kubwa ya Toyota, soketi ya plagi namba 16, tochi na mita ya kupimia umeme. Mita ya kawaida Kariakoo haifiki bei ya koili moja mpya. Ukikosa hela ya vyote, anza na mita.

Gari haliwaki

Kabla ya kushika spana, sikiliza. Ukigeuza ufunguo ukasikia tik-tik-tik ya harakaharaka huku taa za dashibodi zikififia, umeme ni mdogo: betri imeisha au vichwa vyake havishiki vizuri. Ukisikia "tak" moja nzito kisha kimya, na taa zimebaki kali, mtuhumiwa wa kwanza ni stata. Injini ikizunguka kwa nguvu zote lakini haishiki, waache betri na stata wapumzike, tafuta moto wa plagi au mafuta. Masikio yamekupunguzia nusu ya kazi na hujatoa hata mia.

Sasa pima. Betri nzima iliyolala usiku bila kuguswa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu. Ikiwa chini ya 12, imeisha. Liwashe gari kwa kubusti kisha pima tena injini ikiunguruma: ukiona kati ya 13.8 na 14.5, oltaneta inachaji. Ukiona 12 na pointi inayozidi kushuka, usikimbilie dukani kununua betri, maana hiyo mpya nayo itazikwa wiki ijayo. Mgonjwa ni oltaneta, au mkanda wake umelegea.

Vile vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani vimeua stata nyingi ambazo hazikuwa na kosa. Fungua, anza na hasi, mwagia maji ya moto, sugua mpaka chuma king'ae, kausha, kaza, kisha paka grisi kidogo. Kama gari bado linazunguka kwa uvivu, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwambie mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa hasi unaokwenda kwenye injini umechoka, na waya huo ni rahisi kuliko kitu chochote ambacho fundi alikuwa anataka kukuuzia.

Kuhusu kubusti: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake. Betri hutoa gesi inayoshika moto, na cheche ya mwisho haifai kurukia hapo.

Na vijana wa kijiweni, kwa heshima zote: acheni kusukuma IST ya otomatiki. Gia boksi ya otomatiki inahitaji shinikizo la oili linalotokana na injini inayozunguka. Injini ikiwa imelala, magurudumu hayawezi kuiamsha. Mnaweza kuisukuma kutoka Temeke Hospitali mpaka Chang'ombe, mtafika mmelowa jasho na gari halijawaka. Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono.

Gari linachemsha

Hapa ndipo injini nyingi za Dar zinapofia, na zinafia mikononi mwa watu wenye nia njema. Foleni ya Barabara ya Kilwa saa nane mchana haina upepo wa kupoza rejeta. Injini inategemea feni, maji na mfuniko. Mshale ukianza kupanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho, fungua vioo vyote. Utaungua uso, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na inanyonya joto kutoka kwenye injini. Mshale ukiendelea kupanda, toka barabarani, zima.

Kisha usifungue mfuniko. Mfuniko wa rejeta umeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni shinikizo unalolizuia. Kwa 0.9 maji yanaweza kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Ukiufungua, shinikizo linaondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo, na yote yanakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kushika hosi ya juu ya rejeta kwa kiganja bila kuiachia.

Likishapoa, angalia unachoweka humo. Nyumba nyingi za Temeke na Mbagala hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya jiji hili vina chumvi. Maji hayo yakizunguka kwenye aluminiamu ya injini yanaila kimyakimya, yanaziba mirija ya rejeta, na ukifungua mfuniko unakuta rangi ya kutu. Tumia kulanti iliyochanganywa kama kopo linavyoelekeza. Ukikwama njiani, maji ya kunywa ya chupa ni bora mara nyingi kuliko ndoo ya kisimani.

Jaribu feni: injini ikiwa inaunguruma, washa AC. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei kabla ya kununua mota. Wapo wanaofunga feni moja kwa moja kwenye umeme izunguke muda wote. Inasaidia kufika nyumbani leo. Ikiachwa hivyo, mota inachakaa mapema na kasoro ya kweli inabaki imefichwa.

Lakini kosa linaloniuma kuliko yote ni la kung'oa themostati. Limekuwa kama kanuni ya dini: gari la Dar halihitaji themostati kwa sababu hapa hakuna baridi. Si kweli. Themostati za Toyota nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82, na kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto ililoundiwa. Ukiitoa, kwenye mwendo injini inabaki baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza mafuta, na unalia na kituo cha mafuta. Kibaya zaidi, kwenye baadhi ya injini themostati hiyohiyo huziba njia ya pembeni inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Imetolewa, njia iko wazi, na gari linachemsha kwenye foleni kwa sababu ya dawa liliyopewa.

Kuipima hakuhitaji fundi. Chukua sufuria ambayo mama wa nyumba ameshaisamehe, weka maji, tumbukiza themostati, washa jiko. Utaiona kwa macho: springi inasinyaa, sahani ya shaba inashuka taratibu, na nafasi inafunguka kabla maji hayajaanza kutokota. Itoe, iache ipoe, itajifunga yenyewe. Ikifanya hivyo ni nzima, irudishe na gasketi mpya. Maji yakitokota na yenyewe imefunga mdomo, hiyo ndiyo ya kutupa, na unanunua nyingine badala yake.

Ukikuta povu la rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili, au maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia huku moshi mweupe ukitoka ekzosi hata injini ikishapata moto, gasketi ya silinda hedi inashukiwa sana. Zima na uite gari la kuvuta. Kuliendesha "pole pole mpaka gereji" ndiko kunakopinda hedi.

Gari linamisi

"Bosi, hii koili tu." Inawezekana. Mwambie fundi akuonyeshe. Kwenye IST yenye injini ya 1NZ kila silinda ina koili yake, kwa hiyo hamisha koili ya silinda inayoshukiwa uipeleke kwa jirani. Misi ikihama nayo, koili ni mbovu. Misi ikibaki palepale, koili haina kosa, geukia plagi na nozeli. Kwenye Corolla yenye injini ya 4A au 5A, zima, chomoa waya mmoja wa plagi, washa, sikiliza. Rudia kwa kila silinda. Ile ambayo ukiitoa injini haibadiliki sauti ndiyo isiyofanya kazi. Usichomoe injini ikiwa inaunguruma, umeme wa plagi unapiga.

Ukitoa plagi ukakuta shimo lake limejaa oili, usikubali kuuziwa plagi peke yake. Gasketi na sili za tapeti kava zinavuja. Plagi mpya italowa vilevile.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinasema ugonjwa wao zenyewe. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukihakikisha hugusi tundu la +B, geuza ufunguo bila kuwasha injini, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimweka mbili, ikatulia kidogo, ikamweka mbili, hiyo ni 22: kihisio cha joto la maji au waya wake. 21 ni kihisio cha oksijeni, 41 ni cha throto. Ikimweka mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haijaona kasoro. Ile mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu mara nyingi hushindwa kusoma Toyota za soko la Japani za miaka hiyo, hivyo kimya chake si cheti cha afya.

Masika

Mvua ya Machi hadi Mei ina ugonjwa wake. Gari likizima katikati ya maji, Jangwani au kwenye mtaa wako uliogeuka mto, usipige stata. Maji yakiingia kwenye silinda hayasinyai kama hewa. Pistoni ikiyabana, konrodi ndiyo inayopinda, na badala ya kukausha injini sasa unanunua nyingine. Sukuma mpaka pakavu, fungua boksi la filta ya hewa. Likiwa na maji, toa plagi zote nne, zima umeme wa koili na nozeli, piga stata maji yatoke. Ukiona oili imebadilika rangi, imwage kabla ya kuwasha.

Yaliyobaki ni mafupi. Oili ya injini ya 1NZ ni lita 3.7 pamoja na filta, si galoni nzima, na iwe kutoka kopo lililofungwa mbele yako. Oili ya gia boksi ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti chake. Vitz ya CVT ikiwekewa ATF ya kawaida, gia boksi inakufa. Udongo wetu ni mchanga: weka ubao mpana chini ya jeki, weka stendi, na usiingize kichwa chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Breki na usukani, kama hujafundishwa, mpelekee anayejua.

Maana mafundi wanaojua wapo wengi, chini ya miembe ya Kinondoni na kwenye vibanda vya Gerezani, na hawaogopi mteja mwenye mita. Nenda kwa mmoja wao na namba zako: volti ulizosoma, silinda isiyofanya kazi, mimweko uliyohesabu. Akikubali kupima naye, mwachie gari. Akitaja spea kabla ya kufungua boneti, ondoka na ufunguo wako.