Karani wa Python

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, hujibu "kompyuta", na hapo hapo nakabidhiwa simu isiyoshika chaji. Ukweli ni kwamba riziki yangu inatokana zaidi na kubadilisha majina ya mafaili ya watu wengine.

Chama kimoja cha kuweka na kukopa kilinipa nyaraka zake nizipange. Zilikuwa za katibu wao, mama wa makamo asiyefuta kitu. Ripoti ya Machi ilikuwepo kama "ripoti.mwisho", "ripoti.mwisho.kabisa" na "ripoti.mwisho.kabisa.sasa", zote bila .doc, maana yeye kompyuta haimpangii jina.

Nilitumia Path, klasi ya lugha ya Python iliyobuniwa na Antoine Pitrou na kuingia katika toleo la 3.4 mwaka 2014. Utamu wake ni kuunganisha: weka mkwaju kati ya folda na faili, basi. Ila jina la kulia likija na mkwaju wake mbele, vyote vya kushoto hutupwa bila hata kwaheri. Path("nyaraka") / "/machi" inakupa /machi. Nyaraka utazitafuta mwenyewe.

Nikageuza ripoti kuwa PDF, majina nikaiachia with_suffix. Hii huamini kwamba chochote kinachofuata nukta ya mwisho ni kiendelezi, kwa hiyo hukitoa na kuweka kipya. Kila ripoti ikashushwa cheo: "kabisa.sasa" ikabaki "kabisa", "kabisa" ikawa "mwisho", na "mwisho" ikawa ripoti ya kawaida tu.

"Mwanangu, ile ya kabisa sasa iko wapi?"

"Ipo, mama. Siku hizi inaitwa kabisa."

"Basi si yenyewe."

Na rename nayo ina sura mbili. Kwenye Linux yangu, ikikuta jina limeshachukuliwa na faili jingine, hulifunika kimya kimya. Kwenye Windows ya ofisini hukataa na kupiga kelele. Mimi huipenda hiyo ya kelele.

Lakini kituko cha Path ni kunakili. Tangu mwanzo iliweza kufuta, kubadilisha jina na kuunda folda; kunakili, hapana. Ilikuwa kama karani hodari wa kuchana karatasi na kubandika majalada mapya, ambaye ukimwomba fotokopi anakutuma ofisi ya jirani. Jirani huyo ni shutil, moduli nyingine ya Python, naye miaka ya mwanzo hakuitambua Path. Hata open ya Python yenyewe iliikataa mpaka uivishe str, yaani uigeuze kuwa maandishi. Ni toleo la 3.6, mwishoni mwa 2016, lililowapatanisha ndugu hawa. Kunakili kwenyewe kukaja na 3.14, Oktoba 2025. Siwalaumu wanaojitolea kuitunza lugha hiyo. Neno "nakili" linaonekana jepesi mpaka uulize: na ruhusa za faili? Na kiungo kinachoelekeza kwingine, tunanakili kiungo au kinachoelekezwa? Na folda inayotaka kunakiliwa ndani ya tumbo lake yenyewe?

Na tarehe, je? Hilo nililijua nilipompelekea mama flashi. Nilikuwa nimenakili ripoti zenyewe, si PDF, kwa copy mpya nikiwa kwenye Linux, na huko tarehe za asili haziendi na faili usipoziombea. Ripoti zote zilionekana zimezaliwa siku ile.

"Mkaguzi akiona hivi," alisema mama akivua miwani, "atajua ya Machi tumeipika jana usiku."

Nikaongeza preserve_metadata=True. (Windows, haki yake nimpe, huzibeba bila kuombwa.) Tarehe zikarudi Machi kama zilivyokuwa. Tukazipanga kwa kufuatana, na ikadhihirika kwamba "ripoti.mwisho" iliandikwa siku moja baada ya "ripoti.mwisho.kabisa.sasa". Mama alivaa miwani tena, akanyamaza, kisha akasema kosa ni la kompyuta.