Kumsifu Bwana Uvumi

Walimwengu wamesifu farasi na majahazi, wamesifu wali wa nazi na kahawa chungu ya barazani, na wako hata waliousifu umaskini ilhali hapana mmoja wao aliyetaka kukaa nao nyumba moja. Lakini Bwana Uvumi, ambaye hulala katika kila nyumba na kutia mkono katika kila sinia, hajapata bado mtu wa kusimama hadharani akamtaja kwa wema. Nami, kwa kuwa nimemkirimu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, naona ni wajibu wangu kumlipa fadhila zake maadamu ningali na pumzi.

Washitaki wake husema kwamba yeye ni mtoto wa uongo. Nasaba hiyo si sahihi, kwani mamaye ni adabu. Mswahili akikutana na mwenziwe humwuliza habari, kisha habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu jana, na akizimaliza zote huvuta mkeka karibu akamwambia, "Haya, nipe habari." Watu ambao salamu yao yenyewe ni kudai habari watawezaje kumfungia mlango mchukuzi wa habari, ati kwa sababu hakuja na hati? Na jawabu letu nalo litazame. Mtu ana homa, ana deni, paa lake linavuja na mwanawe amelazwa, naye akiulizwa hujibu "Njema," ndipo baadaye, nyuma ya "ila" ndogo, ukweli huchungulia kama mwali dirishani. Kwa hiyo uzushi wa kwanza wa kila siku hutamkwa kabla jua halijapanda, na mtamkaji wake ni mtu mstaarabu kabisa.

Ama kwa ukarimu, Bwana Uvumi hana mfano. Ukweli ni bakhili: hutaka subira, hutaka mashahidi, na aghalabu ukifika, baada ya kungojwa siku saba, husema kwamba uchunguzi ungali ukiendelea. Wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika mwaka 1947 kwamba uvumi hukua kwa kadiri jambo lilivyo zito kwa watu na kwa kadiri ithibati yake ilivyo ya giza. Maana yake, kwa lugha ya jikoni, ni kwamba Bwana huyu hupeleka chakula penye njaa, na hapeleki kwa walioshiba.

Mathalan Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia Kenya, wakubwa walikuwa na maneno machache ya kuwapa watu: naweni mikono, kaeni mbali mbali, ngojeni. Bwana Uvumi akaja usiku na zawadi. Alisema kuna mtoto mchanga aliyezaliwa akanena, akaamuru watu wanywe chai bila maziwa wala sukari kabla ya mapambazuko, kisha akafariki. Simu zikalia, taa zikawashwa, birika zikatelekwa. Chai hiyo ambayo bara huiita strungi, na ambayo watu wa Mombasa huiita chai ya mkandaa, ikawa dawa ya taifa kwa usiku mmoja, kwa gharama ya kijiko cha majani. Ni waziri gani aliyepata kuwaamsha raia saa tisa za usiku wakamtii bila polisi wala posho? Na tena, kila aliyeamshwa alimwamsha mwingine: wana waliokuwa hawajawapigia mama zao simu miezi mitatu waliwapigia usiku ule, kwa sauti ya huruma. Hata asiyesadiki alikunywa, akijiambia kwamba chai haimdhuru mtu.

Wahenga walimdhulumu waliposema njia ya mwongo ni fupi. Njia hiyo imekwisha kupimwa. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walifuatia habari zipatazo 126,000 zilizopita katika mtandao wa Twitter toka 2006 hadi 2017, wakachapisha hesabu yao mwaka 2018: habari za kweli zilichukua muda wa karibu mara sita kuliko za uongo kuwafikia watu 1,500. Walipotaka kuitwika lawama mitambo inayojiendesha, waliona kwamba mitambo iliharakisha za kweli na za uongo sawasawa, na kwamba tofauti ile ilitoka kwa wanadamu, kwa kuwa uongo ulikuwa na upya na uliwashangaza. Kuna wengine waliokwisha kuonyesha, tangu 1977, kwamba neno lirudiwalo huonekana la kweli zaidi kila lisikiwapo, jambo ambalo kila mnadi wa samaki analijua bila kwenda chuoni. Na wenye WhatsApp walipoona mambo yamewashinda, wakazuia mwaka 2019 ujumbe usipelekwe zaidi ya sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana wakauwekea sehemu moja tu. Heshima iliyoje! Ukweli haujapata kutembea kwa kasi ya kujengewa ukuta.

Siwezi kuficha kwamba msifiwa wangu ana siku zake mbaya. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mitatu, alizuka Pemba na habari za jini aitwaye Popobawa anayewaingilia watu vitandani mwao, akavuka Unguja, na watu wakatoka vyumbani wakalala nje, wamejikusanya, moto unawaka. Mwaka huohuo, huko Unguja, mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta tiba aliuawa na kundi la watu waliodhani kuwa ndiye. Mpiga sifa hodari hapa hupita upesi, nami napita. Ila nimeona kwamba jina la jini yule hulijua kila mtoto wa pwani, na jina la marehemu yule sijapata kumsikia mtu akilitaja.

Turudi kwenye wema. Miaka michache iliyopita, siku ya Ijumaa, tanzia iliingia katika kundi la simu la ukoo wetu kwamba mjomba wangu wa Tanga amefariki, maziko baada ya Alasiri. Aliyekufa alikuwa somo yake wa Pangani. Kabla ya saa moja kupita, ubani ulikuwa umechangwa, turubai limeazimwa, na shangazi mmoja amekwisha kulia hadi sauti imemkauka. Miongoni mwa wa kwanza kutoa rambirambi alikuwa mjomba mwenyewe, aliyekuwa barazani bila miwani, akaona "Innalillahi" tu, na kwa staha yake akaandika, "Mola amrehemu," kisha akaipeleka tanzia kwa jamaa zetu wa Maskati asije akaitwa mchoyo wa habari. Kule Maskati walikuwa na shaka kidogo, lakini shaka iliwatoka, kwa kuwa habari ilitoka katika simu ya marehemu mwenyewe, na bila shaka wanawe ndio walioituma.

Katika hao wote simjui mmoja aliyekusudia ubaya. Kila mtu aliogopa kuwa ndugu aliyechelewa kujua. Jioni niliandika kanusho, refu na fasaha, lenye saa na mahali. Halikupelekwa na mtu hata mmoja, kwani ni hidaya gani kumwambia mtu kwamba mzee uliyemwacha mzima yungali mzima?

Hata leo wako watu Maskati wanaomrehemu mjomba kila Ijumaa, naye huku amekaa barazani na kikombe chake. Juzi nilichukua simu niwasahihishe, akanishika mkono. "Waache, mwanangu," akasema. "Dua haimdhuru mtu, na hao wamewahi tu."