Ada ya Kusimama

Tangu Julai, nikitaka kutazama taarifa ya habari ya saa moja jioni, nyumbani kwangu, kwenye televisheni niliyoinunua mwenyewe, kwa umeme ninaoununua mwenyewe, nalipa shilingi kumi. Mpokeaji ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka tisa na daftari la mistari, na kila akipewa hela analamba kidole, anafungua ukurasa, anaandika. Tumembatiza Zakayo, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kwa nini. Nikichelewesha malipo anasimama mbele ya kioo, mikono mgongoni, mpaka habari ziishe, michezo iishe, na hali ya hewa nayo ipite.

Kama nawe una shemeji ng'ambo, sogea karibu tulie pamoja.

Chanzo cha haya yote ni kitindamimba wa kwa kina mke wangu, muuguzi, ambaye hapa Masii anaitwa Bwana London. Anaishi Leicester. London aliiona usiku mmoja tu, akibadilisha basi. Lakini Mwaitu, yaani mama mkwe wangu, alishakata shauri kwamba Uingereza ni mji mmoja na jina lake ni London, na nani atabishana na Mwaitu? Si mimi. Mimi na yeye tuna nthoni. Kwa msiotoka Ukambani, nthoni ni ile heshima yenye haya baina ya mtu na wakwe zake: siketi karibu naye, sipandishi sauti mbele yake, simsahihishi hata akisema jua linatokea Kitui. (Kwa kweli, ukiwa Masii, ndiko linakotokea.) Heshima hiyo ilikuja kuniponza kwa sababu ya ndoo. Nitafika huko.

Bwana London aliondoka mapema mwaka 2025, na tulimsindikiza kama bi harusi. Kabla ya hapo alikuwa amelipia mtihani wa Kiingereza, mtu aliyefanya mitihani ya Kiingereza tangu darasa la kwanza, kisha akalipia mtihani wa uuguzi, mtu aliyekwisha kuwa muuguzi. Fahali wawili wa baba mkwe, Mzee, waliingia kwenye mitihani hiyo wasitoke. Siku ya safari Mwaitu alimfungia twiga wa mti kutoka kwa wachongaji wa Wamunyu ampelekee Malkia. Tukamwambia Malkia alifariki 2022. Akasema basi ampe mwanawe.

Aliyeanzisha hesabu ni mke wangu. Jina lake la nyumbani ni Waziri wa Fedha. Mimi ni mwalimu wa hisabati, yeye anauza nafaka sokoni, na hakuna mtu Masii asiyejua ni nani kati yetu anayejua hesabu. Alisikia kwamba muuguzi anayeanza kazi katika hospitali za umma za kule alikuwa akilipwa pauni 31,049 kwa mwaka, kwa viwango vya 2025. Akageuza kalenda iliyopitwa na wakati, akazidisha kwa 170. Ilipotoka milioni tano na ushei, akazidisha tena, akidhani kalamu imekosea. Mwaitu akaketi. Mzee akavua kofia. Papo hapo Mwaitu akaagiza tangi la maji la lita 10,000, Mzee akataka fahali wake wawili warudi na ndama wao, nami nikanyamaza kwa adabu ya mkwe, ila moyoni nilikuwa nimeshanunua pikipiki na kuipiga rangi.

Miezi ikapita. Kilichoingia kwenye simu kilikuwa elfu tatu, elfu tano, mara moja elfu saba ikiwa na ujumbe wa pole. Mwaitu akaanza kunusa mwanamke. Milioni tano, alisema, hazina pengine pa kupotelea. Kikaitwa kikao.

Ilikuwa Jumapili ya Julai, chini ya mwembe wa Mzee, simu imeegemezwa kwenye sufuria ya muthokoi ili sote tumwone. Mimi na nthoni yangu tulikaa kando ya zizi, kwa hiyo nusu ya mambo niliyasikia, na nusu nikaletewa na Zakayo aliyekuwa akikimbia huku na huku kama mjumbe wa chifu.

Bwana London alianza na makato: kodi ya mapato, bima ya taifa, pensheni. Mshahara wa mwezi ukabaki chini ya pauni 2,000. Pango la chumba likala zaidi ya 700. Hapo tulikuwa bado tunamwelewa, mambo hayo yapo hata Nairobi. Akasema anamshukuru Mungu kwamba wauguzi wamesamehewa ile ada ya afya, kwa maana wahamiaji wengine wengi hutozwa pauni 1,035 za kila mwaka wa viza, na hulipa zote mapema, kabla hawajapiga chafya hata moja. Kisha akaingia kwenye kodi ya baraza la mji, ambayo mpangaji hulipa juu ya pango, kwa kosa la kuishi ndani ya nyumba. Na kiwango chake hupangwa kwa bei ambayo nyumba hiyo ingeuzwa Aprili 1991.

"Mwaka 1991 ulikuwa wapi?" Mzee akamuuliza.

"Sikuwa nimezaliwa, Baba."

"Na unalipa?"

"Nalipa."

Mzee akatema mate pembeni. "Hiyo ni kodi ya kibanda. Babu yangu aliilipa." Na hakosei, Waingereza walianza kututoza kodi ya vibanda 1901, naye hajawasamehe. Ukimwacha Mzee aendelee atafika 1938, Muindi Mbingu alipowaongoza Wakamba, wanaume kwa wanawake, kutoka Machakos hadi Nairobi kudai ng'ombe waliotwaliwa na serikali kwa kisingizio kwamba mifugo imezidi, wakapiga kambi mjini wiki kwa wiki. Tulimwacha, akafika. Bando ya intaneti ikawa inayoyoma.

Ikaja leseni ya televisheni. Kule ukitaka kutazama matangazo ya moja kwa moja sharti ukate leseni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka 2025, na sehemu kubwa ya fedha hizo huendesha BBC. Mzee aliposikia jina hilo alishtuka. Amesikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC tangu utotoni, idhaa iliyoanza 1957, na ametupa mawe ya redio ya kutosha kujaza kisima. "Kumbe miaka yote hiyo nimekula bure," akasema kwa sauti ya chini, "na sasa deni wanamdai mwanangu."

Baada ya hapo ikaja ada ya mita. Bwana London aliitafsiri hivyo hivyo, "ada ya kusimama." Hulipi kwa umeme uliotumia, unalipa kwa sababu umeme upo. Nusu pauni kila siku, hata ukilala gizani, hata ukisafiri, na gesi nayo ina ya kwake. Mwaitu akauliza ni nani huyo aliyesimama. Akajibiwa ni mita, ukutani. Akasema mita akae chini. Tusicheke sana, maana hapa Kenya nasi tulikuwa tukilipa shilingi 150 kila mwezi kwa mtindo huo huo, hadi 2018 ilipoondolewa.

Lakini kilichovunja kikao ni mvua.

Ndani ya bili ya maji, alisema, kuna ada ya kuondoa maji ya mvua. Mvua ikinyesha juu ya paa inateremka kwenye mifereji ya mji, na kuna kampuni ya kuipeleka inakokwenda, na anayeishi ndani ya nyumba hulipia. Kimya kilichoingia pale chini ya mwembe sijapata kukisikia tena. Hawa ni watu ambao kati ya 2020 na 2022 waliona misimu mitano mfululizo ya mvua ikipita bila mvua. Mwaitu amefukua mchanga wa mto kwa kata kutafuta maji ya kumnywesha punda anayemtuma kuleta maji. Akainuka polepole, akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka tukabaki tunaona jicho moja tu la Bwana London. "Wanalipa ili mvua iondoke?" Ndiyo, Mwaitu. "Waambie wailete." Akampa Mzee simu, akaenda jikoni. Habari za mwanamke hazikutajwa tena.

Aliporudi alikuwa na jambo moja tu: nywele. Kwa nini mwanangu ana nywele kama mtu aliyetoroka? Bwana London akaeleza kwamba kinyozi wake anataka pauni 15, huku kuku mzima dukani ni pauni nne au tano. Kuku rahisi kuliko kunyolewa! Hapa Masii kuku wa kienyeji ukimuuliza bei ni lazima uketi kwanza, na kinyozi unampa shilingi mia moja, habari za mji zikiwa juu yake. Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa nasimamia mitihani. Kule kilicho ghali ni mkono wa mtu. Mwaka 2025 sheria iliweka kima cha chini pauni 12.21 kwa saa kwa mtu mzima, basi chochote kinachohitaji mtu asimame nyuma yako na mkasi, au aje kukuzibia bomba, kinakuua. Kitu chenyewe, maziwa, kuku, shati, kinatolewa na mashine na hakina bei ya kutisha. Sisi huku ni kinyume: kitu kinatushinda, mkono wa mtu tunauchukua karibu bure. Nilimwambia hivyo mke wangu njiani tukirudi, nikitegemea sifa. Akasema nisimvurugie hesabu.

Hapo ndipo nilipoona daftari. Ndugu yake alipokuwa akilia, yeye alikuwa akiandika.

Jumatatu tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kabati la vyombo. Leseni ya televisheni, shilingi kumi kwa kila taarifa ya habari. Ada ya kusimama, shilingi tano kwa siku kwa kila mwenye simu, achaji asichaji. Anayerudi na mzigo bila kikapu, faini ishirini. Takataka sharti zitengwe kwenye ndoo tatu, buluu ya plastiki, nyekundu ya karatasi, nyeusi ya maganda, na atakayekosea ndoo, faini ishirini. Zakayo akateuliwa mkaguzi.

Watoto walikata rufaa siku hiyo hiyo. Mutheu, mkubwa, akasema mjomba alieleza kwamba anayeishi peke yake hupunguziwa robo ya kodi, naye hulala peke yake chumbani. Akapunguziwa robo, na kufikia Jumatano zilizobaki zikafutwa kwa sababu huchota maji. Kioko akasema kule wanafunzi wa kutwa hawahesabiwi. Akafutwa kwenye orodha. Mimi nikasema mwalimu naye huwa shuleni kutwa. Ombi likatupwa. Waziri mwenyewe hatozwi, ndiye serikali. Kwa hiyo taifa zima la watu watano lilibaki na mlipa kodi mmoja, na mkaguzi wake.

Ndoo hazikumaliza mwezi. Mwaitu alikuja kututembelea, akaona ndoo ya buluu inang'aa, akaroweka mbaazi. Nilimwona. Nilijua asubuhi ile ndoo ilikuwa na nini. Ningesema nini? Mkwe hamwendei mama mkwe akamwambia chakula chake kimo ndani ya takataka. Nikakohoa. Akaniuliza, kupitia kwa Zakayo, kama nimepata baridi. Kioko kwa utiifu wake akapita na kutumbukiza kifuniko cha chupa ya soda, na jioni nikaletewa sahani yangu ya peke yangu, kama ilivyo desturi, imejaa, na kifuniko kikiwa juu. Nililipa faini ya kukutwa na plastiki nje ya ndoo yake.

Ile nyekundu ilimalizwa na Chifu, mbuzi wetu, ambaye hula kwanza kisha ndiyo hufikiri. Siku hiyo ndoo ilikuwa na stakabadhi ya benki ya karo ya Mutheu, niliyoitupa humo mwenyewe nikikimbia faini. Nilipanda matatu hadi Machakos kuomba nakala. Nauli sikurudishiwa, kwa kuwa haikuwemo kwenye bajeti.

Oktoba Mwaitu akamwona Bwana London tena kwenye simu. Nywele zilikuwa zimeongezeka. Hakusema mengi, alisema tu: "Mnyoeni mwanangu." Waziri akafungua mkebe wa majani ya chai ambamo hazina yetu hukaa. Zilikuwemo shilingi 1,870, na katika hizo 1,870, zangu zilikuwa 1,870. Nikapiga hesabu kichwani: miezi miwili na zaidi ya kodi yangu ilikuwa pauni kumi na moja, haifiki hata saa moja ya kima cha chini cha kule. Zilizopungua niliongeza mimi. Makato ya kutuma pia.

Wiki iliyopita akatuma picha. Tuliitazama sote, Mwaitu katikati, mimi nikichungulia kwa mbali kutoka mlangoni. Upande wa kushoto umepinda.